Si Feki, Si Radi: Kinachounguza Pampu za Visima Vyetu

Kila pampu ya kisima kirefu inapoungua katika wodi ya Muthetheni, au kwingineko katika eneo bunge la Mwala, kaunti ya Machakos, kuanzia Masii hadi Wamunyu, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla mota haijavutwa juu. Huyu husema inverta ilikuwa feki. Yule husema ni radi. Wenye kisima cha stima huilaumu Kenya Power, na wenye kisima cha sola huapa kwamba sola haiwezi kazi nzito. Washtakiwa ni wanne, lakini mashtaka yote yamesimama juu ya dhana moja: kwamba inverta ni kama balbu, ukinunua nzuri unaichomeka inawaka miaka, ukinunua mbovu inakufa, na kati ya kununua na kuwasha hakuna kazi nyingine ya maana. Dhana hiyo imekubalika madukani, kwenye ofisi za miradi na kwenye mabaraza ya vijijini. Naipinga. Ninashikilia kwamba inverta nzuri, iliyonunuliwa kwa risiti halali, ikifungwa bila kupangwa vizuri, bila filta inayoifaa kebo iliyopo na bila kupimwa ikiwa kazini, itaua mota nzuri. Na kwamba tumezoea kulipia vifaa huku kazi hiyo ya kupanga na kupima ikibaki bila mlipaji na bila msimamizi.

Suala hili ni zito zaidi Ukambani kuliko sehemu nyingi kwa sababu ya ardhi yenyewe. Miamba iliyo chini yetu ni ya kale mno, gneisi na jamii yake, na haina tabaka pana la kuhifadhi maji. Maji hukaa kwenye nyufa na kwenye sehemu za mwamba zilizooza, kwa hiyo mchimbaji hushuka mita mia moja na zaidi kutafuta ufa unaotoa maji ya kutosha. Pampu huning'inizwa huko chini, mota ikiwa chini yake, na kebo hupanda urefu wote huo kuja kwenye inverta iliyo juu. Huo urefu wa kebo ndio kiini cha hoja yangu. Kifaa ambacho kiwandani Athi River kimefungwa hatua chache kutoka kwenye mota yake, Muthetheni hufungwa umbali wa uwanja mzima wa mpira, na watu hushangaa kwa nini hakifanyi kazi vilevile.

Inverta huchukua umeme wa mkondo mnyoofu, ama moja kwa moja kutoka kwenye paneli za sola ama kutoka kwenye stima iliyonyooshwa na rektifaya iliyo ndani yake, kisha huukatakata kwa swichi za elektroniki ili mota ione kitu kinachofanana na mawimbi ya stima ya kawaida. Neno kubwa hapo ni "kinachofanana". Kinachotoka ni misururu ya vipande vya volti vinavyopanda na kushuka ghafla, maelfu ya mara kwa sekunde. Swichi za kisasa hupandisha volti kutoka sifuri hadi kilele kwa takriban sehemu moja ya kumi ya maikrosekunde. Umeme husafiri ndani ya kebo karibu mita 150 kwa maikrosekunde, hivyo kipande kimoja kinapopanda, ukingo wake wa mbele una urefu wa mita 15 tu. Kebo ikizidi nusu ya urefu huo, yaani mita saba na nusu, ukingo hufika kwenye mota ukiwa umekamilika, hugonga ukinzani mkubwa wa koili na kurudi nyuma. Wimbi linalokuja na linalorudi hujumlishwa palepale kwenye ncha za mota, na volti inaweza kufika karibu maradufu.

Tuweke namba. Stima ya volti 415 ikinyooshwa hutoa takriban volti 587 ndani ya inverta. Maradufu yake ni 1,174. Kwenye sola hali inaweza kuwa mbaya zaidi, jambo ambalo wauzaji wachache hulitaja: paneli 16 zikifungwa mfululizo, kila moja ikitoa volti 41 ikiwa kazini, hufikisha volti 656, na maradufu yake ni zaidi ya 1,300. Sasa fungua mwongozo wa Franklin Electric, kampuni ya Marekani iliyobobea katika mota za kuzamishwa. Inataka kilele cha volti kwenye mota kisizidi 1,000, na volti isipande kwa kasi inayozidi 500 kwa maikrosekunde. Hesabu yetu ya sola inapandisha volti 656 kwa sehemu ya kumi ya maikrosekunde, sawa na zaidi ya 6,500 kwa maikrosekunde, mara kumi na tatu ya kiwango. Mota hiyo si feki na inverta hiyo si feki. Zimeunganishwa kwa namna ambayo aliyetengeneza mota alikwisha kuikataza kwa maandishi.

Anayetaka ushahidi unaoshikika na amtembelee fundi wa kufunga upya koili za mota, aangalie ile iliyoungua kabla haijasafishwa. Koili zilizoungua husomeka. Mota iliyozidiwa na mzigo kwa muda mrefu huwa imekauka na kuwa nyeusi pande zote kwa usawa, fezi zote tatu. Mota iliyopoteza fezi moja mara nyingi huonyesha fezi mbili zilizoungua na ya tatu ikiwa safi. Mota iliyoendeshwa bila maji huja na pampu ambayo mapangaboi yake ya plastiki yameyeyuka. Lakini mota iliyouawa na vilele vya volti hufanana na nzima: koili zinang'aa, waya una rangi yake, ila pana tundu dogo jeusi, pengine dogo kuliko punje ya mtama, kwenye mizunguko ya kwanza kabisa ya koili, karibu na pale kebo inapoingilia. Sababu yake ni rahisi. Ukingo mkali wa volti hausambai sawasawa kwenye koili nzima. Sehemu kubwa yake hubebwa na mizunguko michache ya mwanzo, na insulesheni kati ya mzunguko mmoja na wa pili haikutengenezwa kubeba mamia ya volti. Inatoboka kidogo kidogo, wiki kwa wiki, hadi siku inapofanya shoti. Zipo mota zilizofungwa kabisa ndani ya kopo ambazo hazifunguliwi kirahisi, lakini zile zinazofunguka zina ushuhuda huu, na ushuhuda huu hutupwa kwa sababu hakuna anayelipwa kuusoma.

Dawa inajulikana. Kwa kebo ndefu kiasi hiki, kati ya inverta na kebo huwekwa filta ya kulainisha mawimbi: choki, yaani koili ya kuzuia mkondo usibadilike ghafla, kwa kila fezi ikifuatiwa na kapasita, ambazo kwa pamoja hugeuza vile vipande vya volti kuwa wimbi linalokaribia lile la stima. Ila filta yenyewe hudai kupangwa, na hapa ndipo dhana ya kuchomeka na kuwasha inapoharibu hata kazi ya aliyenunua kila kitu kinachotakiwa. Filta ya aina hii huandikwa kwenye kibati chake kasi ya chini inayoruhusiwa ya ukataji wa inverta. Nyingi hutaka mara 4,000 au zaidi kwa sekunde. Baadhi ya inverta hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa 2,000. Fundi akiiacha hivyo, ukataji husogea karibu na mwangwi (rezonansi) wa filta yenyewe, kapasita hujaa mkondo ambao hazikukusudiwa, filta hupiga kelele ya mluzi, hupata moto na kufa. Ndipo husikika kwamba filta ni kifaa cha kula pesa. Tena, filta hula sehemu ya volti, pengine asilimia 5 na zaidi, na kebo nayo hula yake. Hizo zisipofidiwa kwenye mipangilio, mota hudai ampea nyingi ili ifanye kazi ileile. Na inverta nyingi ambazo zimeachwa kwenye udhibiti wa kujipima mota zenyewe huchanganyikiwa zikikutana na filta katikati, huzima zikidai kuna mkondo uliozidi. Mpangilio ufaao ni ule wa kawaida wa uwiano wa volti na hezi. Ni mabadiliko ya paramita mbili tatu, kazi ya dakika chache kwa mwenye kuusoma mwongozo, na kuyaacha humgharimu mwenye kisima mota nzima.

Upande wa pili wa inverta, ule unaoingiza stima, una ugonjwa wake tofauti, na kuyachanganya magonjwa haya mawili ni chanzo cha hasara nyingine. Rektifaya ya fezi tatu haivuti mkondo kwa ulaini. Huunyakua kwa mafungu kwenye vilele vya wimbi. Mafungu hayo ukiyachambua unapata, pamoja na mkondo halali wa hezi 50, mikondo ya hezi 250, 350, 550 na 650, yaani hamoniki za tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu. Inverta isiyo na choki yoyote, upotofu wa mkondo wake unaweza kupita asilimia 80; ikipewa choki ya asilimia tatu hadi tano hushuka hadi kati ya 35 na 45. Kwenye laini imara upotofu huo humezwa. Vijiji, aghalabu, viko mwisho wa laini ndefu na transfoma zao ni ndogo, kwa hiyo kila mkondo uliopotoka huacha volti iliyopotoka kwa majirani wote wanaotumia transfoma hiyo. Kiwango cha IEEE 519, tangu toleo lake la 2014, kinaweka mpaka wa asilimia 8 kwa jumla ya upotofu wa volti kwenye laini za volti elfu moja kurudi chini. Mwenye kinu cha kusaga unga aliyefunga inverta kubwa asiweke hata choki anaweza kuuvuka mpaka huo yeye mwenyewe, kisha akalalamika kwamba stima ya Kenya Power ni chafu. Uchafu ameuleta yeye.

Mfano mmoja wa hesabu unaonyesha jinsi nia njema inavyoweza kuharibu zaidi. Chukua transfoma ya kVA 50 yenye ukinzani wa asilimia 4. Nguvu yake ya shoti ni kVA 1,250. Mwenye kinu akashauriwa afunge kapasita za kVAr 25 ili kuboresha matumizi yake ya stima. Gawa 1,250 kwa 25 upate 50, tafuta kipeuo chake cha pili, ni karibu 7. Maana yake, transfoma na kapasita kwa pamoja vina mwangwi kwenye hamoniki ya saba, mojawapo ya zile ambazo inverta hutoa kwa wingi. Ukiongeza ukinzani wa laini ndefu inayoileta stima kijijini, namba hiyo huteremka kuelekea 5, ambako hamoniki ni kubwa zaidi. Kapasita huvimba, fyuzi hukatika bila sababu inayoonekana, na breka huzima saa ambazo mzigo ni mdogo. Kila kifaa hapo ni halisi na kila kimoja peke yake ni kizuri. Kosa limo kwenye kukutana kwao, na kukutana huko hakujulikani ila kwa kupima.

Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono wanaouza filta kama dawa ya kila kitu. Pampu inayoendeshwa na paneli peke yake haina laini ya kuchafua. Anayemuuzia mwenye kisima hicho filta ya hamoniki ya upande wa kuingilia anamwibia. Kisima kinachotumia sola mchana na jenereta usiku ni habari nyingine: ukinzani wa ndani wa jenereta mara nyingi ni mara tatu au zaidi ya ule wa transfoma ya ukubwa uleule, hivyo mkondo uleule uliopotoka huipotosha volti yake mara tatu zaidi. Na ukiifungia jenereta hiyo filta yenye kapasita kubwa, pampu ikiwa bado haijashika mzigo, kapasita zinaweza kuisukuma volti juu hadi kidhibiti cha jenereta kikashindwa kuirudisha. Filta hiyo inahitaji kontakta inayozitoa kapasita mzigo ukiwa mdogo. Swali la kuuliza dukani, basi, ni filta ipi, upande upi, kwa chanzo kipi cha umeme, na jibu lake halipo kwenye rafu ya duka.

Nitaambiwa kwamba bidhaa bandia zipo. Zipo kweli. Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008 kwa sababu tatizo lilikuwa dhahiri, na soko la vifaa vya sola halikusalimika. Lakini hoja ya feki, kama inavyotumiwa, haithibitishwi kamwe. Feki ingekuwa ndiyo sababu, basi mota mpya halisi iliyowekwa baada ya ile ya kwanza kuungua ingedumu, na kebo ileile ndefu na mipangilio ileile ya kiwandani havingekuwa na la kufanya. Mwenye kisima anayezika mota ya pili na ya tatu kwenye shimo moja, kila mara akibadilisha jina la kampuni, ameshajaribu dhana ya feki kwa gharama yake mwenyewe. Kingine ni kwamba hata bidhaa bandia hugunduliwa kwa kipimo kilekile ninachokidai. Inverta iliyoandikwa kilowati 11 isiyoweza kubeba ampea zake kwa saa moja chini ya mzigo itajulikana siku hiyohiyo, fundi angali kiwanjani na hundi ingali haijaandikwa.

Radi nayo ni ya kweli, na mvua za Oktoba hadi Desemba huja nayo Ukambani. Ila radi haifichi kazi yake: huacha vizuia-mapigo vilivyopasuka, bodi zilizoungua kwa masizi, mara nyingi na vifaa vya jirani vilivyokufa dakika ileile. Pampu iliyozima Julai, mwezi wa baridi na mawingu, haikupigwa na radi.

Kuhusu Kenya Power, nakubali kwamba volti vijijini hushuka na fezi hupotea. Lakini inverta ya kisasa huona mambo hayo na huyaandika. Ndani yake imo kumbukumbu ya hitilafu: volti ya ndani ilikuwa ngapi, mota ilikuwa ikizunguka kwa hezi ngapi, ampea zilikuwa ngapi wakati ilipozima. Hitilafu ya volti kuwa chini inayojirudia jioni, watu wakiwa wanapika na kuwasha taa, inaelekeza kwenye laini. Hitilafu ya mkondo kuzidi inayotokea papo hapo pampu inapoanza inaelekeza kwenye kebo, kwenye mota au kwenye mpangilio wa kuanzia. Hitilafu ya umeme kuvuja ardhini inayokuja asubuhi na kupotea mchana inaelekeza kwenye unyevu au kwenye kiungo cha kebo kilichofungwa vibaya, au pengine ni kebo ndefu tu inayovujisha mkondo mdogo kwa kila ukataji kwa sababu haina filta. Mlinzi wa kisima ameagizwa kitu kimoja: bonyeza kitufe cha kuwasha upya. Akibonyeza mara kumi na mbili kwa siku, kumbukumbu inayohifadhi hitilafu chache za mwisho hujaa marudio, na ile ya kwanza iliyokuwa na jibu hufutika. Kisha fundi anaitwa kutoka mbali, anakuta skrini isiyomwambia kitu, na anasema kile ambacho kila mtu anatarajia kusikia.

Kazi ninayoidai si siri ya wahandisi. Kabla inverta haijaunganishwa, mota na kebo vikiwa tayari kisimani, insulesheni hupimwa kwa mega, inverta ikiwa imetolewa kwenye waya maana mega itaiua. Mota mpya iliyoshushwa inapaswa kusoma megaomu 2 au zaidi. Inverta iliyokaa ghalani zaidi ya mwaka mmoja, na miradi yetu huacha vifaa ghalani zaidi ya hapo, hupandishiwa volti taratibu kwanza ili kapasita zake za ndani zipate uhai, la sivyo hupasuka siku ya kuwashwa. Halafu huingizwa ampea za mota kama zilivyo kwenye kibati chake, bila kukisia. Mpangilio wa kuanzia ndio unaowashinda wengi: fundi aliyezoea mashine za juu huweka mwanzo wa polepole akidhani anaitunza pampu, wakati beringi inayobeba uzito wa pampu ya kuzamishwa huelea juu ya utando wa maji ambao haupatikani mpaka mota iwe na kasi. Mwongozo wa Franklin unataka ifike hezi 30 ndani ya sekunde moja, na isiendeshwe chini ya hapo. Mwanzo wa sekunde 20 huila beringi hiyo kila asubuhi jua linapochomoza, na siku za mawingu huila mara kadhaa, kwa kuwa inverta ya sola huanza na kuzima kila wingu linapopita. Sehemu kubwa ya Machakos, vilevile, iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kupanda juu ya hapo hupunguza uwezo wa inverta kupoa, takriban asilimia moja kwa kila mita 100, na jua la saa saba kwenye kibanda cha mabati huupunguza zaidi. Baada ya hayo yote ndipo pampu huwashwa ikapimwa saa kadhaa, fezi zote tatu, kwa mita inayosoma thamani halisi ya mkondo uliopotoka. Mita ya bei rahisi, ikikutana na mkondo wa rektifaya, inaweza kusoma pungufu hata kwa asilimia 40; fundi huona ampea 10 na kuondoka ameridhika, huku waya ukibeba 16.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la pesa. Filta inayotoshea mota ya kilowati saba au kumi si bei ya chai, na siku moja zaidi ya fundi mwenye ujuzi na vipimo vyake ni gharama kwa kamati ya maji inayouza maji kwa mtungi. Sidharau hilo. Lakini hesabu inayofanywa ni nusu. Kuvuta mota kutoka mita 120 kunahitaji gari la winchi na watu, mota mpya, kebo na viungo vipya, na wiki ambazo akina mama wanarudi kwenye mchanga wa mto au kununua maji kwa wenye mikokoteni. Gharama hiyo ya mwisho haipo kwenye kitabu cha mkandarasi wala cha ofisi, na ndiyo maana wote wawili huona filta kuwa ghali. Jirani zetu wa Kitui wametuachia ushahidi wa namna mambo yanavyobadilika bila kubadilisha mashine. Kule Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vipima-mwendo vidogo kwenye pampu za mkono zilezile zilizokuwapo na kuweka mafundi wa kuitikia taarifa. Muda wa kurekebisha pampu iliyoharibika ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Pampu hazikuwa mpya. Kilichokuwa kipya ni vipimo, na mtu anayewajibika kwa vipimo hivyo.

Wala hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Kanuni za mifumo ya sola za mwaka 2012, ambazo leo ziko chini ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, zinataka fundi wa sola awe na leseni, kwa madaraja kuanzia T1 hadi T3 kulingana na ukubwa wa kazi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 48, inatambua kamati ya ukaguzi na upokeaji na kuipa kazi ya kukagua na, inapobidi, kuvijaribu vilivyoletwa. Huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, na chombo hicho cha ukaguzi kipo kisheria. Kinachokosekana ni mtu wa kuiambia kamati kwamba maji kutoka bombani si jaribio. Pampu yenye vilele vya volti 1,300 hutoa maji safi kabisa siku ya uzinduzi, mbele ya mheshimiwa na kwaya ya shule, kama ile isiyo navyo. Tofauti yao itaonekana miezi mingi baadaye, wakati mkandarasi amelipwa na kipindi cha dhamana kimepita.

Kwa hiyo madai yangu kwa kamati yoyote ya maji ya Muthetheni inayokaribia kupokea kisima ni haya. Msitie sahihi kwa kuona maji. Daini karatasi moja yenye usomaji wa mega, ampea za fezi tatu, volti ya ndani ya inverta jua likiwa kali, kasi ya ukataji iliyowekwa, muda wa kufika hezi 30, kina cha maji kabla na baada ya saa kadhaa za kuvuta, na orodha ya paramita zilizobadilishwa. Nakala moja ibaki ndani ya sanduku la inverta, nyingine kwa katibu. Sehemu ya malipo inayozuiliwa isitoke mpaka vipimo hivyohivyo virudiwe mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua, maji yakiwa yameteremka chini kabisa kwenye nyufa za mwamba, mtiririko unaoipoza mota ukiwa mdogo kuliko wakati wowote na jua likiwa na nguvu. Vikitofautiana na vile vya kwanza, karatasi itaonyesha ni kipi kimebadilika, na mkandarasi ataitwa angali na sababu ya kuja.